Tunamfuga kwa meno yake, lakini nani humtazama mdomoni?

Ukipita jioni katika mitaa ya Mikocheni, Njiro au Karen, geti litakuambia kilichomo ndani kabla hujabisha hodi. Dar es Salaam na Arusha kibao kimeandikwa "Mbwa Mkali". Nairobi kimeandikwa "Mbwa Kali". Mara nyingi kando ya maneno hayo pamechorwa kichwa cha mnyama aliyeachama, chonge zote nje. Mwenye nyumba ameyagharamia meno hayo. Amenunua mbwa, amemjengea banda, amemwajiri mtu wa kumpikia, na usiku analala akitumaini kwamba mwizi atayaogopa. Muulize mwenye nyumba huyo ni lini mara ya mwisho alimwinua mbwa wake mdomo akayatazama meno yenyewe, na mara nyingi hatakuwa na jibu.

Tunachokijua wengi wetu ni harufu. Tunasema mdomo wa mbwa unanuka kwa sababu ni mdomo wa mbwa, na habari inaishia hapo. Naandika makala hii kwa kuwa naamini kauli hiyo ndogo inawatesa wanyama wengi kuliko mjeledi. Mdomo wa mbwa mzima una harufu hafifu ya mate na ya chakula alichotoka kula. Haunuki uvundo. Ukinuka uvundo, humo ndani mna ugonjwa, na ugonjwa huo unauma.

Mbwa mkubwa ana meno 42, kumi zaidi ya binadamu. Mtoto wa mbwa huzaliwa kibogoyo, huanza kuota meno akiwa na wiki tatu hivi, na meno yake ya utotoni hufika 28. Kuanzia mwezi wa nne yanang'oka, mengi yakimezwa au kupotelea mchangani bila mtu kuyaona, na akifika miezi sita au saba ya kudumu yamekamilika. Meno madogo ya mbele ni ya kuguguna na kujichokonoa viroboto. Chonge nne ni za kukamata. Lakini kazi kubwa hufanyika nyuma zaidi, mahali ambapo mfugaji haoni asipoivuta kidogo kona ya mdomo: kila upande lipo jino kubwa la juu ambalo ubavu wake hupita juu ya ubavu wa jino kubwa la chini, kama makali mawili ya mkasi. Hapo ndipo nyama hukatwa. Jino hilo la juu lina mizizi mitatu, na mizizi hiyo imezama karibu kabisa na tundu la jicho. Likumbuke jino hili, tutarudi kwake.

Kinachoyaangamiza meno ya mbwa si kile kinachoyaangamiza yetu. Kwa binadamu, hasa watoto, adui ni sukari inayotoboa. Mbwa hutoboka meno mara chache. Meno yake yamechongoka, hayana mabonde mengi ya kuficha mabaki, na mate yake yana uchachu mdogo kuliko ya kwetu. Mate hayohayo yanayomkinga na matundu ndiyo yanayomponza kwa upande mwingine. Saa chache tu baada ya jino kusafishwa, bakteria hujitandaza juu yake wakafanya utando laini wa ukoga. Ukoga huo ukiachwa siku mbili tatu, madini yaliyomo kwenye mate huanza kuugandisha, nao unageuka ugaga: gamba la kahawia au manjano, gumu, lililoshikamana na jino hata ukucha hauling'oi. Juu ya ugaga, ambao unakwaruza, ukoga mpya hupata pa kushikia vizuri zaidi. Kisha unashuka chini ya ufizi, gizani, kusikofikika.

Kuanzia hapo ni vita kati ya bakteria na mwili wa mbwa. Ufizi unakuwa mwekundu na kuvimba, unatoka damu ukiguswa. Hatua hii ya kwanza inatibika ikapona kabisa, maana kilichoumia ni ufizi peke yake. Ikiachwa, maradhi yanaingia kwenye nyuzi zinazolishikilia jino na kwenye mfupa wa taya. Mfupa ukishalika haurudi. Madaktari wa meno ya wanyama huzigawa hatua hizo kuwa nne, na ya nne ni ile ambayo jino limepoteza zaidi ya nusu ya kinacholishikilia. Wakati huo linatikisika, usaha unatoka pembeni yake, na mnyama bado anabweka getini kila usiku.

Uhusiano kati ya ukoga na ugonjwa wa fizi si dhana ya wauza mswaki. Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kupiga mswaki. Ndani ya wiki tatu wote walikuwa na fizi zilizovimba, na waliporudia mswaki fizi zikapona. Mwaka 1975, Löe akishirikiana na Jan Lindhe na Sven-Erik Hamp walichapisha matokeo ya mbwa aina ya beagle waliofuatiliwa kwa miaka minne. Kundi moja lilipigwa mswaki siku zote, kundi la pili likaachwa. Waliopigwa mswaki walibaki na fizi nzima. Walioachwa walipata uvimbe wa fizi, na wengi wao mfupa wa taya ukaanza kulika. Utafiti ule ulifanywa kwa ajili ya kuelewa magonjwa ya watu, na mbwa wale walilipa gharama yake. Walau tuwatumie mbwa wetu somo lililotoka vinywani mwa wenzao.

Mtu atasema: mbona mbwa wangu anakula vizuri? Hilo ndilo neno ninalolisikia kuliko yote ninapokaa kwenye vyumba vya kusubiria vya madaktari wa mifugo. Mlinzi mtu mzima ameleta mbwa kwa ajili ya chanjo, daktari kijana anamfungua mnyama mdomo, kisha anakaa kimya kidogo.

"Mzee, huyu mdomo unamuuma."

"Hapana, dokta. Huyu anakula vizuri tu, bakuli analilamba."

"Anakula kwa sababu ana njaa, mzee. Njoo utazame. Upande huu meno ni meupe, upande huu ugaga umejaa. Huku hatafunii kabisa."

Mbwa huficha maumivu. Hatakataa chakula mpaka hali iwe mbaya sana, kwa sababu kutokula ni kufa. Atabadilisha upande wa kutafuna. Ataangusha tonge na kuliokota tena. Atameza bila kutafuna, ataacha kucheza na kamba aliyoipenda, atasugua uso chini, atakwepa mkono unapomgusa kichwani. Wengine huwa wakali ghafla na wengine hupoa, na nyumba nzima inasema mbwa amezeeka. Wafugaji wengi husimulia kwamba baada ya meno mabovu kung'olewa mbwa wao alirudia utoto. Hakurudia utoto. Aliacha kuumwa.

Sasa niseme juu ya mfupa, maana hapa ndipo tunapokosana na wafugaji wengi, na ndipo ninapokuwa na uhakika zaidi. Imani iliyoenea tangu kwa babu zetu ni kwamba mfupa ndio mswaki wa mbwa. Ni kweli kwamba kutafuna kitu hukwangua meno kidogo. Lakini tazama mifupa tunayowapa. Ya kuku, iliyopikwa, huvunjika vipande vikali vinavyoweza kukwama kooni au kutoboa utumbo. Ya paja la ng'ombe, ile ya bure kutoka buchani, ni migumu kiasi cha kuvunja jino. Gamba la nje la jino la mbwa ni jembamba, halifiki milimita 1 kwa unene. Mbwa akilibana goti la ng'ombe kwa yale meno ya nyuma na taya likaweka nguvu yake yote, kinachopasuka mara nyingi ni lile jino la juu lenye mizizi mitatu. Ubavu wake unabanduka, kiini chenye mishipa ya fahamu na damu kinabaki wazi, bakteria wanateremka mpaka kwenye ncha ya mzizi.

Wiki au miezi inapita. Kisha asubuhi moja mbwa anaamka na uvimbe chini ya jicho. Nyumbani wanasema ameumwa na nyuki, au amepigwa jiwe na wapita njia. Uvimbe unapasuka, unatoa usaha, unakauka. Baada ya muda unarudi palepale. Anapewa sindano ya dawa ya bakteria, unatulia, kisha unarudi tena. Utaendelea kurudi mpaka mtu afungue mdomo na kulikuta jino lililovunjika, kwa sababu jipu lile mzizi wake uko mdomoni. Uvimbe wa chini ya jicho unaorudi mahali palepale ni wa kumpeleka mbwa kwa daktari akatazamwe meno kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna kipimo rahisi cha kitu cha kumpa mbwa atafune: kibonyeze kwa ukucha wa kidole gumba. Kisipobonyea hata kidogo, ni kigumu mno kwa meno yake. Kwa kipimo hicho mifupa ya paja inaondoka, kwato za ng'ombe zinaondoka, pembe zinaondoka. Kwato hasa tusiwape, ingawa zinapatikana bure machinjioni.

Mfupa si adui peke yake kwa mbwa wa ulinzi. Mbwa wengi wa mijini hufungiwa mchana kutwa kwenye banda la nondo au wavu wa waya, kisha hufunguliwa usiku. Mnyama mwenye nguvu na akili anayekaa saa kumi au kumi na mbili bila kazi atajitafutia kazi, na kazi aipatayo ni kuutafuna wavu. Ukimwangalia chonge utaona zimelika kwa nyuma, upande unaotazama kooni, mahali ambapo waya hupita kila anapovuta. Chonge iliyolika hivyo hubaki na kiuno chembamba, na siku atakapomshika mwizi kwa nguvu itakatika. Wengine hucheza na kokoto mpaka meno ya mbele yanabaki vishina. Dawa ya hili haimo kwenye mswaki. Dawa yake ni mbwa kutolewa nje mchana, kutembezwa, kupewa mpira laini au kamba nene, na banda kuwa mahali pa kulala tu. Mwajiri anayelalamika kwamba mbwa wake hana makali tena aende kwanza akaangalie wavu wa banda.

Chakula nacho kina sehemu yake, ingawa ndogo kuliko tunavyodhani. Ugali laini wa sembe na pumba uliochanganywa na dagaa hauyasugui meno hata kidogo, na mabaki yake hunata kwenye fizi. Lakini hata chakula kikavu cha dukani, ambacho wauzaji hukisifia kwamba kinasafisha meno, kwa kawaida huvunjika kabla jino halijazama ndani yake, kwa hiyo hukwangua ncha tu na kuacha ukoga wa kwenye ufizi ulivyo. Vipo vyakula na vitafunwa vichache vilivyotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo. Marekani kuna baraza liitwalo Veterinary Oral Health Council, lililoanzishwa mwaka 1997, linalopitia majaribio ya bidhaa za namna hiyo na kuzipa muhuri wake zikithibitika kupunguza ukoga au ugaga. Ukikuta muhuri huo kwenye pakiti, una kitu cha kutegemea. Usipoukuta, maneno "hung'arisha meno" ni ya mwenye kuuza.

Hakuna kinachoushinda mswaki. Najua namna sentensi hiyo inavyosikika katika nyumba ambayo watoto wenyewe hukumbushwa kila asubuhi. Lakini kazi yenyewe haizidi dakika mbili, na mwenye kuifanya anaweza kuwa yule anayempikia mbwa au kumfungulia banda, akifundishwa na akipewa vifaa.

Kwanza, usalama. Usitie mkono mdomoni mwa mbwa usiyemjua, wala wa kwako mwenyewe akiwa amebadilika ghafla. Mbwa anayedondosha mate kupita kiasi, aliyelegea taya, anayeshindwa kumeza maji au aliyebadilika sauti, watu hudhani amekwamwa na mfupa, wakaingiza mkono kuutafuta. Dalili hizo ni za kichaa cha mbwa pia, ugonjwa ambao ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hauna pona. Virusi vyake vimo kwenye mate. Mwache mnyama huyo mahali palipofungwa, muite daktari wa mifugo, na aliyekwisha kuguswa na mate yake kwenye kidonda au kung'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kupata chanjo. Mbwa asiyechanjwa asipigwe mswaki na mtu. Achanjwe kwanza.

Mbwa aliyechanjwa na aliyekuzoea humwanzi kwa mswaki. Unamwanza kwa kidole. Siku za mwanzo inua tu mdomo wa juu, gusa jino, msifie, mpe kitu anachokipenda. Akizoea, zungushia kidole kitambaa laini kilicholowekwa kwenye supu isiyo na chumvi wala kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa, halafu usugue polepole. Mswaki laini wa mtoto unakuja baadaye. Ulaze kwa mshazari, nywele zake ziguse pale jino linapoingia kwenye ufizi, uzungushe kwa mizunguko midogo. Hulazimiki kumwachamisha. Upande wa nje unaotazama shavu ndio unaokusanya ugaga mwingi zaidi, hasa meno ya juu ya nyuma, na upande wa ndani ulimi wake unausaidia. Ukipata chonge na meno ya nyuma pande zote mbili, umefanya sehemu kubwa ya kazi. Kila siku ni bora, siku moja baada ya nyingine inafaa. Mara moja kwa wiki haisaidii sana, kwa kuwa ukoga unakuwa umekwisha kuganda.

Dawa ya meno ya binadamu isitumike. Mbwa hawezi kusukutua akatema, atameza yote, na ndani yake mna floridi na vitoa povu. Baadhi ya dawa hizo zina sukari mbadala iitwayo zailitoli, na hiyo ni hatari kubwa: hushusha sukari ya damu ya mbwa kwa kasi na inaweza kuharibu ini. Mkaa na chumvi tulivyofundishwa na bibi zetu navyo tuviache. Mkaa unakwaruza, chumvi ikimezwa kila siku inadhuru. Kama dawa ya meno ya mbwa haipatikani kwenye duka la dawa za mifugo lililo karibu nawe, au bei yake imekushinda, tumia maji matupu. Kinachoondoa ukoga ni ule msuguo.

Wasomaji wetu wa Pwani na Visiwani wana swali lao, na ni swali la haki. Kwa Waislamu wengi wa huku, wanaofuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hata hivyo mbwa wa kulinda shamba na mifugo ana nafasi yake katika mafundisho hayohayo, na kumwondolea mnyama maumivu ni jambo jema kwa dini zote. Glavu za mpira, mswaki wa mpini mrefu, nguo ya kazi inayobaki bandani, na mahali maalumu pa kufanyia kazi hiyo vinatosha kwa mlinzi anayetaka kutunza twahara yake. Asiyetaka kugusa kabisa ana haki hiyo, na mwajiri amtafute mwingine. Asimlazimishe mtu kwa kuwa tu anamlipa mshahara.

Ukishazoea kuinua mdomo wa mbwa utaona mengi kuliko meno. Ufizi wake unatakiwa kuwa wa waridi, ingawa mbwa wengi wa kienyeji wana mabaka meusi ya asili ambayo hayana neno. Bonyeza kwa kidole mahali pasipo peusi: patakuwa peupe, na rangi irudi kabla ya sekunde mbili. Ufizi uliopauka ni dalili ya upungufu wa damu, na katika nchi zetu wa kushukiwa kwanza ni kupe na magonjwa wanayoyaleta, pamoja na minyoo ya safura. Ufizi wa manjano unakuambia habari ya ini au ya damu inayovunjika. Vitone vyekundu kama vya sindano vinaweza kuwa vya ugonjwa wa kupe unaoharibu uwezo wa damu kuganda. Mfugaji anayeangalia mdomo kila siku humfikisha mbwa wake kwa daktari siku kadhaa kabla ya jirani anayesubiri mpaka mnyama aanguke.

Rangi ya jino nayo inasimulia utoto wa mbwa. Jino lenye mashimo na mistari ya kahawia, kana kwamba gamba limemenyeka, mara nyingi ni la mbwa aliyeugua distempa akiwa mdogo na akanusurika, kwa maana virusi hivyo viliharibu chembe zilizokuwa zikijenga gamba la jino chini ya ufizi. Ni virusi hivyohivyo vilivyoua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994, na wanasayansi walihusisha mlipuko ule na mbwa wa vijiji vya jirani. Chanjo ipo, na hutolewa kwa watoto wa mbwa kuanzia wiki ya sita hadi ya nane. Meno ya manjano yaliyokolea rangi kutoka ndani, yasiyokwanguka, yanaweza kutokana na oksitetrasaiklini, ile sindano ambayo kila mfugaji wa ng'ombe anayo kwenye kabati. Wengi huidunga kwa mbwa jike mwenye mimba au kwa watoto wake kwa kila homa. Dawa hiyo hushikamana na madini ya jino linaloumbika, na rangi haitoki tena.

Vipo vivimbe pia. Kwa mbwa kijana, vinundu vyeupe vyenye umbo la ua la koliflawa kwenye midomo na ulimi kwa kawaida husababishwa na virusi na hunywea vyenyewe baada ya wiki au miezi. Kwa mbwa dume anayezurura, uvimbe mwekundu unaotoa damu mdomoni au puani unaweza kuwa ile saratani ya kuambukizana inayosambaa wakati wa kupandana na kunusana. Inatisha kuitazama, lakini kwa sindano za dawa za saratani mbwa wengi hupona. Kwa mbwa mzee uvimbe wowote mdomoni, hasa mweusi, haungojwi hata wiki moja.

Mbwa wadogo wanaopendwa sasa katika majumba ya ghorofa ya Nairobi na Dar es Salaam, wale weupe wa manyoya marefu, wana shida iliyo yao. Idadi ya meno yao ni ileile 42, taya ni dogo. Meno yamebanana na kupindana, chakula hukwama katikati, na ugonjwa wa fizi huwaanza mapema. Chonge za utotoni nazo hugoma kung'oka, ukakuta chonge mbili zimesimama tundu moja. Mbwa wa miezi saba mwenye chonge mbili namna hiyo apelekwe kwa daktari, ya utotoni ing'olewe. Na kwa kuwa mizizi ya meno yao ya chini inajaza karibu kimo chote cha taya, ugonjwa ukila mfupa taya linaweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kwenye kochi.

Ugaga ukishaganda, mswaki hauutoi tena. Ni kazi ya daktari, na hufanywa mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, bomba likiwa kwenye koo ili maji na uchafu visiingie mapafuni. Wapo wanaotoa huduma ya kukwangua meno mbwa akiwa macho, kwa bei nafuu. Madaktari wa meno ya wanyama, pamoja na WSAVA, chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo wa kufugwa, wanaipinga kazi hiyo, nami naungana nao. Anachokwangua mtu huyo ni ugaga unaoonekana. Ugonjwa uko chini ya ufizi, ambako mbwa aliye macho hatamruhusu mtu afike na chuma. Meno yatametameta na taya litaendelea kulika. Hofu ya dawa ya usingizi inaeleweka, na mwenye mbwa ana haki ya kuuliza: atapimwa damu kabla? Nani atakuwa akimtazama wakati amelala? Mna eksirei ya meno? Hospitali za kufundishia, kama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro na ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa aliye karibu nazo. Kwingineko muulize daktari wako wa mifugo ana vifaa gani, na kama hana, akuelekeze kwa mwenzake.

Jino lililofika hatua ya nne huwa halina budi kung'olewa, na wenye mbwa hulia sana juu ya hili kuliko mbwa wenyewe. Mbwa asiye na meno mengi anaishi vizuri. Chakula chake hakihitaji kutafunwa sana, na ulimi wake unatosha kukisomba. Baada ya kung'olewa mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa na daktari, usimpe panadoli wala dawa nyingine ya nyumbani, kwani nyingine zinaweza kumuua. Kwa wiki mbili hivi mlishe ugali laini uliopoa, dagaa wakiwa wamesagwa, na usimwachie kamba, mpira wala fimbo. Mrudishe kwa daktari atazame nyuzi. Vidonda vikishafunga, meno yaliyobaki huanza tena kupigwa mswaki, kwa kidole chenye kitambaa kwanza, jioni kabla hajafunguliwa kwenda getini.